Kumwomba Profesa Akupokee: Mlango wa Kuingia Saikolojia ya Kliniki

Katika jarida hili la chama chetu wenzangu wengi wamezoea kuandika juu ya udaktari, uanasheria na urubani, kazi ambazo kila mtoto huzitaja mgeni akimwuliza atakuwa nani akikua. Mimi nimeonelea nieleze kazi isiyotajwa sana, na hasa mlango wake mmoja ulio mgumu kuuona. Kazi yenyewe ni ya mwanasaikolojia wa kliniki. Mlango ninaoukusudia ni ule wa kumwomba profesa wa Marekani akupokee uwe mwanafunzi wake wa shahada ya uzamifu.

Huenda ukasema, "Ah, huyu wa kidato cha tatu anajuaje mambo ya uzamifu?" Swali zuri. Binti ya shangazi yangu, ambaye mimi humwita Dada kwa kuwa amenizidi miaka tisa, alihitimu shahada ya kwanza ya saikolojia hapa nchini, na kwa miaka miwili sasa ameifuata njia hiyo. Anaishi kwetu. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, hivyo jioni nikishamaliza kazi ya ziada humsaidia kupanga makaratasi yake, na Jumamosi humsindikiza saiba. Niliyoyaona na kuyasoma huko ndiyo ninayowaeleza. Kuuliza si ujinga, nami nimeuliza sana, mpaka akaniambia siku moja nimemchosha kuliko maprofesa wenyewe.

Saikolojia ya kliniki ni nini?

Kwanza tuondoe ukungu. Watu mtaani hudhani ati mwanasaikolojia ni "daktari wa wazimu". Wapi! Kuna daktari wa magonjwa ya akili, ambaye husomea udaktari wa kawaida kwanza, kisha akajikita katika akili, na ana ruhusa ya kuandika dawa. Mwanasaikolojia wa kliniki hapitii njia hiyo. Yeye hupima hisia, mawazo na uwezo wa mtu kwa vipimo maalumu, hutibu kwa mazungumzo yaliyopangwa hatua kwa hatua, na hufanya utafiti ili ajue tiba ipi yafaa na ipi ni porojo. Wengi wanaomwendea ni watu kama wewe na mimi: aliyefiwa akashindwa kuamka kitandani, aliyeingiwa na hofu isiyoisha, mtoto ambaye masomo hayamkai.

Jina la saikolojia ya kliniki lilianzishwa na Mmarekani aitwaye Lightner Witmer. Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alifungua kliniki ya kwanza ya aina hiyo. Na je, mteja wake wa kwanza alikuwa nani? Si mwendawazimu aliyefungwa kamba. Alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kabisa na tahajia, akaletwa na mwalimu wake. Witmer alimpima akagundua kwamba macho yake yalikuwa na kasoro. Alipewa miwani, akafundishwa kwa utaratibu. Enyi wenzangu mnaokemewa kila wiki kwa sababu ya imla, mmesikia?

Kwa nini unamwomba mtu na si chuo?

Hapa ndipo wengi hupotea. Sisi tumezoea kwamba ukifanya mtihani wa kidato cha nne ukapata alama, chuo kinakuita. Hujui mwalimu yupi atakufunza, na wala huulizwi. Kwa uzamifu wa saikolojia ya kliniki huko Marekani, mambo ni tofauti. Fomu unaituma chuoni, naam, lakini ndani yake unataja jina la profesa mmoja au wawili ambao ungependa wawe wasimamizi wako. Katika idara nyingi, profesa huyo ndiye anayesoma maombi ya waliomtaja, na ndiye anayesema, "Nipeni huyu." Kwa kawaida huchukua mwanafunzi mmoja kwa mwaka, na kuna miaka ambayo hachukui hata mmoja.

Sababu ya utaratibu huu ni ya kihistoria. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia wanajeshi wengi wa Marekani walirudi kwao wakiwa wazima wa mwili lakini wamevunjika moyoni. Serikali ikahitaji wanasaikolojia wengi na upesi. Mwaka 1949 wasomi wakakutana katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia wa kliniki sharti afunzwe kazi mbili kwa pamoja: kutibu na kutafiti. Sasa, kutibu waweza kufunzwa na walimu mbalimbali. Lakini utafiti hujifunzi kwa kunakili ubaoni. Unajifunza kwa kukaa na mtu anayeufanya, ukamwona akipima, akikosea, akirudia.

Mwenzangu, hebu mfikirie fundi seremala wa jua kali. Kijana akitaka kujifunza useremala haendi kumwambia, "Naomba kujiunga na mbao." Anamwendea fundi mwenyewe. Fundi naye humtazama: je, huyu amewahi kushika randa? Mimi natengeneza viti, yeye anataka milango, tutaelewana? Nafasi katika kibanda ni ya mtu mmoja tu. Huo ndio uanagenzi. Uzamifu ni uanagenzi wa miaka mitano hadi saba, na profesa ndiye fundi. Kibanda chake wenyewe hukiita maabara, ijapokuwa mara nyingi hamna chupa wala moto wa gesi ndani yake, bali watu, tarakilishi na madodoso.

Ipo pia shahada nyingine ya udaktari wa saikolojia inayoelekea zaidi kwenye kutibu kuliko kutafiti, ambayo ilipata nguvu baada ya mkutano wa Vail, Colorado, mwaka 1973. Huko si lazima upate profesa wa kukuchagua, lakini wanafunzi wengi hujilipia karo, nayo si ya mchezo. Kwa uzamifu wa utafiti, vyuo vingi humlipia mwanafunzi karo na kumpa posho, naye hulipa kwa kazi ya kufundisha au kutafiti. Hata hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi, United States International University na Daystar hufunza saikolojia ya kliniki, na waliosoma huko wanafanya kazi nzuri. Dada aliangalia karo, akaiangalia mifuko ya shangazi, akaona ajabu: kwa mtu asiye na kitu, nafasi iliyo ngumu zaidi kupata ndiyo iliyo rahisi zaidi kulipia.

Kumtafuta msimamizi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi ya kuinama huanza miezi mingi kabla ya kutuma fomu. Hatua ni hizi.

Mosi, hakikisha kozi imeidhinishwa na Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani. Kozi iliyoidhinishwa hulazimika kutangaza kwenye tovuti yake wanafunzi wangapi waliomba, wangapi walipokewa, walichukua miaka mingapi kumaliza na wangapi waliacha njiani. Soma takwimu hizo kama unavyosoma matokeo ya mechi. Kozi zinazojulikana hupata maombi mamia kadhaa kwa nafasi zisizofika kumi au kumi na mbili.

Pili, tazama ukurasa wa kila profesa. Aghalabu huandika kama mwaka ujao atapokea mwanafunzi au la. Akisema hapokei, usipoteze nauli.

Tatu, soma kazi zake. Si kichwa cha makala tu, bali makala yenyewe, hasa za miaka ya karibuni, kwa sababu watu hubadilisha njia. Jiulize: huyu anauliza swali gani? Je, mimi nalijali swali hilo kiasi cha kuamka nalo kila siku kwa miaka sita?

Nitatoa mfano mmoja ulionigusa. Mwaka 1993 John Weisz, profesa wa saikolojia ambaye baadaye alifundisha Harvard, pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Kenya, Thailand na Marekani. Wakenya wenyewe walikuwa watoto wa Embu. Wazazi waliulizwa matatizo ya watoto wao. Wazazi wa Wamarekani weupe walitaja zaidi ubishi, ukaidi na ukatili kwa wengine. Wazazi wa Embu walitaja zaidi mambo ya mtoto kujizuia na kuumia kimyakimya: woga, kujilaumu, na hasa maumivu ya mwili.

Dada aliponisomea hayo, sote wawili tulinyamaza. Katika darasa letu alikuwamo mwenzetu, sitamtaja, ambaye mwaka jana kila Jumatatu aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa sababu ya tumbo. Zahanati hawakuona kitu. Wengine walisema anatega. Muhula wa tatu hakurudi shuleni, na hadi leo hakuna aliyetuambia sababu. Mimi si daktari na sisemi nalijua lililokuwa likimsibu. Nasema tu kwamba kumbe kuna watu wazima ambao kazi yao ni kuuliza kwa nini mtoto mwenye dhiki husema "tumbo", na kwamba walianza kuuliza hivyo hapa kwetu kabla mimi sijazaliwa.

Utafiti huo haukuishia hapo. Mwaka 2021, Tom Osborn, Mkenya, pamoja na wenzake, Weisz akiwa mmojawapo, walichapisha majaribio yaliyohusisha wanafunzi 413 wa shule za upili za Kenya waliokuwa na dalili za huzuni na wasiwasi. Vijana waliokuwa wametoka shule ya upili juzijuzi tu ndio waliowaongoza katika vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Mpango wenyewe uliitwa Shamiri. Waliofunzwa kutazama upya uwezo wao, kushukuru na kufuata wanayoyathamini walipungukiwa na dalili hizo kuliko wale waliofunzwa mbinu za kusoma peke yake. Yuko pia Eve Puffer wa Chuo Kikuu cha Duke, mwanasaikolojia wa kliniki ambaye amefanya kazi na familia za Eldoret katika mpango uitwao Tuko Pamoja. Mwombaji kutoka Kenya akiyasoma haya, anajua kwamba si lazima abebe swali la kigeni. Swali la kwao laweza kuwa ndilo linalotafutwa.

Barua ya kwanza

Kabla ya kutuma fomu, takribani Agosti au Septemba, mwombaji humwandikia profesa barua pepe fupi. Mwaka wa kwanza Dada aliandika barua moja akawatumia maprofesa kumi na mmoja. Ilikuwa na maneno kama haya: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni msichana mwenye bidii kutoka Kenya. Tangu utotoni nimependa kusaidia watu. Nimesoma kazi zako zote nikavutiwa mno. Naomba unipe nafasi." Walijibu wawili, nao wakamshukuru tu.

Barua hiyo haina tusi wala kosa la sarufi. Tatizo lake ni kwamba ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kwenda kwa mtu yeyote. Profesa akiisoma hajui utamfaa kwa lipi. Tena, kusema umesoma kazi zote za mtu mwenye makala mia mbili ni kumfanya akucheke.

Mwaka uliofuata Dada alifanya kazi ya kukusanya majibu ya utafiti katika shule za upili, akienda na madodoso kwa matatu na bodaboda. Alipoandika tena, barua yake ilikuwa na aya tatu tu. Ya kwanza: mimi ni nani na naomba mwaka gani. Ya pili: katika kazi yangu niliona wanafunzi wanaokana kuwa na huzuni lakini wanakubali kuumwa na kichwa na tumbo; makala yako fulani inagusa jambo hili, nami nataka kujua kama dodoso lenyewe ndilo linalouliza vibaya. Ya tatu: je, utapokea mwanafunzi mwaka ujao, na swali hili lina nafasi katika kazi zako? Akaambatisha wasifu wake.

Aliwaandikia saba tu. Wanne walijibu. Mmoja alisema hapokei mwaka huo, mwingine akamwelekeza kwa mwenzake, na wawili wakamwambia atume maombi. Angalia vizuri: "tuma maombi" si ahadi. Ni sawa na fundi kusema, "Njoo nikuone."

Mzigo wenyewe

Tarehe ya mwisho ya vyuo vingi ni mwanzo wa Desemba. Kufikia hapo unatakiwa uwe na matokeo ya chuo yaliyothibitishwa, wasifu, insha ya kueleza nia yako, na barua tatu za mapendekezo. Vyuo vingine bado hutaka mtihani uitwao GRE, ingawa vingi viliuacha tangu mwaka 2020. Vingine hutaka pia mtihani wa Kiingereza.

Juu ya barua za mapendekezo, sikilizeni. Si barua ya chifu wala ya mchungaji. Hawa ni watu wa heshima, ila hawakukuona ukitafiti. Anayetakiwa ni mhadhiri au msimamizi wa kazi anayeweza kusema, "Nilimpa kazi hii, akaifanya hivi." Mwombe mapema, angalau mwezi mmoja kabla, naye ataituma mwenyewe bila wewe kuiona.

Insha nayo si mahali pa kulia. Wengi huingia saikolojia kwa sababu ya machungu waliyoyaona nyumbani, na hilo si aibu. Lakini walimu wa huko hushauri mwombaji asiifanye insha kuwa maungamo. Msomaji anatafuta mtafiti: umefanya nini, umejifunza nini, unataka kuuliza nini, na kwa nini kwa profesa huyu.

Kisha kuna pesa. Ada ya maombi hutofautiana, lakini tuchukue dola 75 kwa chuo kimoja. Ukiomba vyuo kumi ni dola 750, na dola moja ikiwa kama shilingi 130, hizo ni shilingi 97,500. Shangazi alipoisikia hesabu hiyo aliketi. "Yaani unalipa ndipo waseme hapana?" akauliza. Ndivyo ilivyo. Baadhi ya vyuo husamehe ada kwa mwenye shida akiomba kabla ya kutuma fomu, na Dada alisamehewa na viwili. Ndiyo maana nasema kuchagua wachache wanaolingana na swali lako si madaha tu. Ni kuokoa ng'ombe wa watu.

Mahojiano, na wewe pia uulize

Wanaochujwa wakabaki huitwa kwa mahojiano kati ya Januari na Machi. Siku hizi wengi huhojiwa kwa video. Wakati huo wa mwaka mashariki mwa Marekani wako nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo saa tisa alasiri kwao ni saa tano usiku kwetu. Dada alihojiwa usiku huo akiwa amevaa koti la heshima juu na leso chini, simu ya jirani ikiwa kando endapo stima ingepotea.

Profesa huuliza mambo ya utafiti: ungelijaribuje swali lako? Ukipata jibu usilolipenda utafanyaje? Lakini mahojiano ni ya pande mbili. Mwanagenzi akikosea fundi, miaka yake imeliwa. Mwombaji huzungumza pia na wanafunzi wa sasa wa profesa huyo, na hapo ndipo pa kuuliza bila haya: husoma kazi zenu na kuzirudisha kwa muda gani? Waliotangulia wako wapi leo? Je, posho inatosha kodi ya nyumba? Mwanafunzi akilegeza sauti au akitazama kando, hilo nalo ni jibu. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, kwa hiyo waulize wanaolala ndani.

Mgeni ana maswali yake zaidi. Katika miaka ile ya uzamifu, mmoja ni wa mafunzo ya kazini hospitalini au kliniki, ambao hushindaniwa nchi nzima. Hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, ambazo zina nafasi nyingi, hutaka raia wa nchi hiyo. Basi muulize profesa wanafunzi wake wa kutoka nje walikwenda wapi. Na kama nia yako ni kurudi, kumbuka kwamba hapa Kenya ipo sheria ya mwaka 2014 inayowataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe. Cheti cha ng'ambo hakikuondolei hatua hiyo.

Anayepewa nafasi yenye ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua, kwa mujibu wa makubaliano ya vyuo vingi vya huko. Siku chache kabla ya hapo, wenye nafasi tatu huachilia mbili, na walio kwenye orodha ya akiba hupata matumaini. Dada alikuwa kwenye orodha hiyo ya akiba katika chuo kimoja. Tarehe 15 ikapita. Profesa akamwandikia kwa upole kwamba nafasi ilikuwa moja na aliyepewa ameikubali, na kwamba akiomba tena maombi yake yatasomwa kwa makini.

Nyumbani kwetu jambo hili limezua mjadala. Shangazi anasema inatosha, kuna kazi ya benki imetangazwa. Baba anasema subira huvuta heri, ingawa heri ya huyu imekawia. Dada mwenyewe anasema jibu la "hapana" la namna hii si kama kuanguka mtihani, kwa sababu mtihani hauna kiti kimoja. Mimi nilimwuliza, "Na wakikataa mara ya tatu?" Akaniambia, "Dodoso bado litakuwa linauliza vibaya, na mimi bado nitakuwa hapa." Amebaki katika kazi yake ya utafiti, na Desemba atatuma tena, safari hii kwa maprofesa watano tu.

Sisi wa chama cha Kiswahili tuna nini humu?

Tuna mengi. Madodoso mengi ya huzuni na wasiwasi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa. Sasa mfasiri afanyeje? Aandike huzuni, majonzi, sonona, msongo wa mawazo? Bibi yangu husema tu, "Ana mawazo," na kila mtu sokoni anaelewa kwamba hali si nzuri. Kule Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa Harare na daktari wa akili Dixon Chibanda, ambamo akina nyanya waliofunzwa huwasikiliza watu kwenye mabenchi ya zahanati, hutumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Neno hilo watu wanalo tayari mdomoni, hawafundishwi. Anayejua Kiswahili kwa undani, na lugha ya nyumbani kwao pia, ana mali ambayo profesa wa mbali hawezi kuinunua. Iandike katika barua yako.

Kwa hiyo, mwenzangu wa kidato cha kwanza au cha pili ambaye kazi hii imekugusa, usiikimbie hisabati, maana utafiti wa saikolojia umejaa takwimu. Shika baiolojia. Soma, na andika maswali yako kwenye daftari hata kama hayana majibu. Mwalimu wa ushauri nasaha akitafuta wa kumsaidia na vikundi vya wanafunzi wenza, inua mkono. Na siku moja ukikaa kumwandikia profesa, usimwambie kwamba unapenda kusaidia watu. Mwambie nani uliyemwona, uliona nini, na ni nini ambacho hukukielewa.

Na mwenzako wa dawati akisema kwa mara ya nne kwamba tumbo linamwuma, mwulize tena, taratibu, kisha mpeleke kwa mwalimu unayemwamini. Hilo halingojei uzamifu.

Kwa hayo naomba kutia nanga. Mwenye swali anitafute wakati wa mapumziko, karibu na mfereji.